Kichaka cha mswaki shambani: kikatwe au kiachwe?

Swali la msomaji wa wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro: "Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba ametuachia shamba la ekari tatu huku tambarare, karibu na korongo. Pembeni mwa shamba pana kichaka cha mswaki kikubwa kuliko nyumba yetu. Kaka zangu wanataka kikatwe, wanasema hakizai kitu cha kuuza na kinaficha nyoka, na mahali pake wanataka kupanda mti wa kigeni uitwao mathenge kwa kuwa unakua haraka. Mama anakataa. Anasema baba hakuruhusu kiguswe kwa sababu ya ndege. Je, kichaka hiki kina faida gani hasa kwa ndege na wanyama, na ni kweli kwamba kukikata ni kosa?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nitatanguliza jibu, kisha nieleze sababu zake: msikikate. Kingo zake mnaweza kuzipunguza, na huko mbele nitaeleza namna ya kufanya hivyo, lakini kichaka chenyewe kibaki alipokiacha baba yenu, na huo mathenge msiupande kabisa.

Mswaki, ambao kitaalamu unaitwa Salvadora persica, ni mmea wa asili wa nchi kavu zetu. Wamasai wanauita oremit, Waturkana esekon, na Waarabu arak. Unaota katika ukanda mrefu mno, kutoka Mauritania hadi Namibia, na kupitia Uarabuni hadi India na Sri Lanka. Kwetu utaukuta kwenye kingo za makorongo, juu ya vichuguu, kandokando ya maziwa ya magadi, katika tambarare za chumvi za Amboseli nchini Kenya, na hata pwani, mahali ambapo udongo una chumvi inayoua miti mingine. Kwa kawaida unafika mita 3 hivi, na ukiachwa bila kusumbuliwa unaweza kupita mita 6. Matawi yake yanainama hadi kugusa ardhi, na ndiyo maana kichaka chenu kinafanana na nyumba: kwa nje ni ukuta wa majani, na kwa ndani ni chumba chenye kivuli, ambamo bila shaka mbuzi wenu wameshajitengenezea mahali pa kulala mchana.

Jambo la kwanza ninalotaka mlifahamu, wewe na kaka zako, ni kwamba thamani ya mswaki kwa viumbe wa porini haionekani mwezi wa Aprili. Mvua za masika zikinyesha, nyika nzima huwa kijani, kila mti una majani, wadudu wamejaa, na mswaki ni mmea mmoja miongoni mwa mingi. Nendeni mkautazame mwezi wa Septemba, wakati migunga imepukutisha majani, mikole imebaki fito tupu, na upepo unapeperusha vumbi mahali palipokuwa na nyasi. Wakati huo mswaki bado ni kijani. Mizizi yake inashuka kina kirefu kufuata maji yaliyobaki chini ya korongo, na majani yake ni manene, yenye utomvu na chumvichumvi, kwa hiyo hayanyauki upesi. Katika sehemu nyingi nilizofanyia kazi, majira hayo ya ukame ndiyo pia majira ya matunda yake kuiva. Mnyama anayekula mswaki katika mwezi huo huenda hana kingine cha kula.

Tunda lenyewe ni dogo, upana wake ni kati ya milimita 5 na 10, lina koko moja tu ndani, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Linaanza likiwa kijani, likaingia waridi na wekundu, na likiiva sana linakuwa zambarau iliyokolea inayokaribia weusi. Wachungaji wanajua kwamba hayo meusi ndiyo matamu, na ujuzi huo ni wa kale. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, Mtume alikuwa na masahaba wake wakichuma matunda ya arak, akawaambia wachague yaliyo meusi kwa kuwa ndiyo mazuri zaidi. Wakamuuliza kama aliwahi kuchunga mifugo, maana aliyejua jambo hilo lazima awe amekaa na mbuzi na kondoo porini. Ukilitia mdomoni unapata utamu kwanza, kisha ukali wa pilipili unapanda puani.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi nilikaa ndani ya gari kando ya korongo lililokauka, hatua ishirini hivi kutoka kwenye mswaki mmoja uliojaa matunda, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Wa kwanza kufika walikuwa kuzumburu, wale ndege wa rangi ya vumbi wenye mkia mrefu kama ubua, ambao hutambaa matawini kama panya. Walikula kwa pupa, kisha wakajining'iniza kwenye vitawi vya juu huku matumbo yameelekea jua, kama desturi yao, ili joto liwasaidie kusaga chakula. Baada yao wakaja shorewanda kwa makelele, kisha kwenzi waliong'aa bluu, kisha ninga, njiwa wale wa kijani ambao huwaoni mpaka tawi litikisike. Hondohondo mmoja alichuma tunda kwa ncha ya mdomo, akalirusha nyuma na kulidaka kooni, na akarudia hivyo hivyo zaidi ya mara arobaini kabla sijaacha kuhesabu. Jua lilipokuwa kali wakashuka tumbili na watoto wao. Nilipotoka garini nikaenda chini ya mgunga uliokuwa jirani, nikakuta mawe yamepakwa kinyesi cha zambarau, na katika kila doa mlikuwa na koko, safi, halina hata chembe ya nyama ya tunda.

Usafi huo wa koko una maana kubwa. Nyama ya tunda la mswaki ina kemikali zinazozuia mbegu kuota, na ndiyo maana wanaoupanda kitaluni wanashauriwa kuosha mbegu hadi nyama yote itoke kabla ya kusia. Porini hakuna wa kuosha isipokuwa matumbo ya ndege na wanyama. Tunda lililoanguka chini ya mama yake likakauka na nyama yake lina nafasi ndogo ya kuwa mti, ilhali lililomezwa na shorewanda linasafishwa, linabebwa, na linaachwa chini ya tawi la mti mwingine, mahali penye kivuli na mbolea kidogo. Njia hiyo ni ya pande zote mbili. Ndege wanaokuja kwenu kula mswaki wametoka kula mikole na vichaka vingine, na mbegu za huko wanaziacha ndani ya kichaka chenu. Ingia ndani yake polepole, uinamishe macho chini, na sitashangaa ukikuta miche ya aina nne au tano ambayo baba yenu hakuipanda. Kichaka kikubwa cha mswaki ni kitalu cha nyika yote inayokizunguka, na ni kitalu kisichohitaji mtu wa kumwagilia.

Huo ukali wa tunda nao una kisa chake, na nitakuomba ukifanyie jaribio jikoni. Chukua mbegu mbichi ya papai uitafune, kisha utafune kipande cha mzizi wa mswaki. Utaona ukali ni ule ule, kwa sababu kemikali inayouleta ni moja. Mswaki, mpapai, mlonge, mgagani, kabichi na sukuma wiki zote zimo katika oda moja ya mimea, yaani kundi kubwa la mimea yenye undugu, na zote zinajilinda dhidi ya wadudu kwa mafuta ya jamii ya haradali. Wadudu wengi hukimbia ukali huo, lakini wako vipepeo ambao wameuzoea hata wakaufanya alama ya nyumbani. Ukiwa na bustani ya kabichi umewahi kuona vipepeo weupe wakizunguka kutafuta mahali pa kutaga. Ndugu zao wa nyika, vipepeo wadogo wa jenasi Colotis, wana spishi ambazo viwavi wake hulishwa na majani ya mswaki. Colotis phisadia ni mmojawapo, na jike lake hutaga kwenye chipukizi laini. Vipepeo hao wakiruka kuzunguka kichaka chenu baada ya mvua, fahamu kwamba wengi wao wamezaliwa humo. Wanaofuata viwavi ni ndege wanaolisha makinda, kwa hiyo hata pale ambapo mswaki hauna tunda moja, bado unalisha.

Mama yako anasema baba alikihifadhi kwa sababu ya ndege. Sijui kama alijua umbali ambao baadhi ya ndege hao wanasafiri. Kila mwaka, Ulaya na Asia zinapoingia baridi, mamilioni ya ndege wadogo wanashuka Afrika, na katika nyika zetu wanaanza kuonekana kuanzia Oktoba na Novemba. Miongoni mwao yumo ndege mmoja wa kijivu na hudhurungi mwenye koo jeupe, ambaye kwa Kiingereza huitwa whitethroat, uzito wake gramu 15 hivi, yaani karibu sawa na vijiko vitatu vya maji vya chai. Ili arudi kaskazini lazima avuke majangwa, kwa wengi wao jangwa la Sahara, na kabla ya kuvuka anajinenepesha hadi uzito wake upande sana, kwa sababu mafuta hayo ndiyo akiba yake ya safari. Watafiti waliokamata na kupima ndege kando ya Ziwa Chad na katika nchi nyingine za Saheli, ule ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, waligundua kwamba katika majuma hayo ya mwisho ndege hawa, ambao kwa kawaida ni walaji wa wadudu, hugeukia matunda, na tunda la mswaki ni mojawapo ya wanayoyategemea sana. Miswaki ikikatwa kuni huko Saheli, pengo litaonekana katika bustani za Uingereza na Ujerumani majira ya kuzaliana yakifika. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema kwamba kichaka cha nyikani hakina kazi.

Kwa wanyama wakubwa nitasema machache. Huko Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa na watafiti mfululizo tangu 1971, matunda ya mswaki yamo katika orodha ya vyakula vyao, na tumbili wa huko wanayapenda vilevile. Tembo na twiga hula majani na matawi yake, na katika mito mikavu ya kaskazini magharibi mwa Namibia ni mmoja wa mimea michache inayobaki na ukijani kwa ajili ya tembo wanaoishi jangwani. Ngamia ndio kabisa, wanaufuata kwa ajili ya ile chumvi. Zaidi ya chakula kuna kivuli. Saa saba mchana katika tambarare isiyo na mti, chumba kilichomo ndani ya mswaki ni mahali ambapo digidigi, sungura na kanga wanaweza kungoja jua lipungue bila kupoteza maji mengi mwilini. Wanyama wanaotaga au kuzaa chini hupata humo ukuta ambao mwewe hawezi kuupenya.

Sasa niyajibu ya kaka zako, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa. Kuhusu nyoka, wanasema kweli. Mahali penye kivuli, panya na makinda ya ndege, nyoka watafika. Hata hivyo nyoka wanaoingia nyumbani kwa kawaida wanafuata panya, na panya wanafuata ghala la mahindi, pumba zilizomwagika na marundo ya mabati na matofali. Mkikata kichaka na kuacha hayo, mtaendelea kuwaona. Jambo lenye msaada ni kuacha uwazi uliofagiliwa kati ya nyumba na kichaka, na kukata matawi yanayolala chini upande wa njia na upande wa nyumba, hadi kimo cha goti au zaidi kidogo, ili mtu anayepita aone kilicho chini. Pande nyingine yaacheni yaguse ardhi.

Hofu ninayoiona kuwa kubwa kuliko ya nyoka, ambayo hamkuitaja, ni ya tembo. Ninyi mko karibu na Hifadhi ya Mkomazi, na ikiwa shamba lenu liko katika njia wanayopita, kichaka kinene kinaweza kuwaficha mpaka uwe umewakaribia mno. Watoto wasipite hapo gizani wakati wa kiangazi, na uamuzi wowote wa kuongeza miswaki mipya ufanyike upande wa korongo, mbali na nyumba na mahindi.

Kwamba hakizai kitu cha kuuza, hapo siafikiani nao. Vijiti vya kusugulia meno vinauzwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, hasa karibu na misikiti, na jina lenyewe la mswaki linatokana na Kiarabu kwa sababu ya kazi hiyo. Maua yake madogo ya kijani-njano yanavutia nyuki, kwa hiyo mzinga mmoja au miwili ungefaa kuning'inizwa katika mti ulio jirani. Kisha yako malisho. Mbuzi wanaopona mwezi wa Oktoba kwa kula majani ambayo hamkuyanunua wana bei, na naomba kaka zako waipige hesabu hiyo kabla ya kunoa panga.

Kuhusu mathenge nitakuwa mkali. Mti huo ni wa Amerika. Kenya uliingizwa mwaka 1973 kurudishia uoto katika machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo kwa nia njema ya kuwapatia watu kuni na malisho. Ukasambaa hadi ukafunga njia, malisho na kingo za maji, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa gugu hatari. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi wanaoyategemea huharibika meno. Wakazi wa Baringo walifika hadi kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno ili majaji wajionee. Katika mito ya Turkana umeota mahali palipokuwa pa miswaki na migunga. Tanzania pia umeshaonekana, ikiwemo wilaya ya Mwanga ambayo ni jirani zenu, na ng'ombe na mbuzi wanasambaza mbegu zake kwa kinyesi. Shamba lililo kando ya korongo ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuupanda, maana mafuriko ya kwanza yatazibeba mbegu hadi kwa majirani walio chini.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimewahi kushiriki kosa la namna hiyo. Katika ujana wangu nilifanya kazi kwenye mradi mmoja uliofyeka miswaki na vichaka vingine kandokando ya korongo ili kupisha miche ya miti ya kigeni iliyoletwa kwa lori. Tulipiga picha, tukahesabu mashimo, tukaandika ripoti. Kiangazi kilichofuata miche karibu yote ilikauka, na mvua zilipokuja ukingo ukamomonyoka kwa sababu mizizi iliyoushika ilikuwa imeng'olewa. Wazee wa kijiji walikuwa wametuambia tusiguse mahali pale. Nilirudi baada ya miaka mingi, na sehemu pekee yenye kivuli ilikuwa pale ambapo visiki vichache vya mswaki, ambavyo vibarua walichoka kuving'oa, vilikuwa vimechipua upya.

Uwezo huo wa kuchipua utawasaidia katika kupunguza kingo. Mkate kwa msumeno mkali, msichane matawi kwa panga butu, na mfanye hivyo mwanzoni mwa mvua ambapo matunda yamekwisha, baada ya kuhakikisha hakuna viota vyenye mayai upande mnaoukata. Msivuke moja ya nne ya kichaka kwa mwaka mmoja. Moto msiutumie hata kidogo. Mkihitaji vijiti vya meno, chukueni matawi machanga yenye unene wa kidole. Mzizi una ladha kali zaidi na wateja wanaupenda, lakini kila mzizi unaochimbwa unapunguza maji ya mti wakati wa kiangazi. Ikiwa ni lazima, chimbeni mmoja wa pembeni upande mmoja tu, mfukie shimo siku hiyo hiyo, na upande huo usiguswe tena kwa miaka kadhaa.

Mkitaka mingine ya kushika ukingo wa korongo, chumeni matunda meusi, myaponde ndani ya maji, mwoshe makoko mara tatu au nne mpaka yasiteleze tena mkononi, kisha msie mapema bila kuyaweka ghalani. Miche hukua polepole, na itahitaji uzio wa miiba dhidi ya mbuzi kwa miaka ya kwanza. Ila kabla ya kuhangaika na kitalu, angalieni kwanza chini ya migunga iliyo karibu na kichaka, kwa sababu huenda kuzumburu na shorewanda wameshawasilia, na kazi yenu ikabaki kuwa kuzungushia miiba hiyo miche iliyokwisha kuota.